Masika ya Kisiwa cha Ogwari

Jumamosi, 15 Machi

Mvua imekuja bila hodi. Omena niliyokuwa nimeanika juu ya gunia ililowa yote kabla sijafika mlangoni. Nasike aliacha chapati yake ikiungua akaja kunisaidia kuingiza beseni ndani. Alicheka sana. "Mama Marion, hawa samaki walikuwa wamechoka na ukavu, wameomba maji."

Nasike ni jirani yangu hapa Mashimoni, Kibera. Kati yetu kuna bati moja tu, akipiga chafya mimi ndiye ninayemwambia pole. Mumewe Shivachi alianguka kwenye jengo la ghorofa mwaka juzi akafa, na tangu hapo anamlea Elvis peke yake kwa kupika chapati. Mimi nauza omena kule Kisumu Ndogo. Nikichelewa, Marion wangu hula kwake. Elvis akilia na mamake yuko sokoni, Marion ndiye humbeba.

Jumatatu, 24 Machi

Maji yana harufu. Oyoo alienda kuangalia, maana mume wangu ni fundi wa bomba hata kama siku hizi hakuna anayemwita. Alirudi na matope mpaka magotini.

"Pale kwa daraja bomba limepasuka," alisema. "Limelala ndani ya mtaro wa choo. Wakifunga maji, bomba linavuta ule uchafu. Wakifungua, tunaletewa kwa mtungi."

"Si uwaambie watu wa maji?"

"Nimewapigia. Wanasema hilo bomba si lao."

Nimemwambia Nasike achemshe kila tone. Makaa yenyewe yamelowa.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua. Hakuna biashara.

Alhamisi, 3 Aprili

Mzee Khamala, fundi viatu wa pale kona, amekufa. Jana asubuhi alinisalimia. Mchana alianza kuhara, na jioni alikuwa amekauka macho yakaingia ndani, ukimfinya ngozi inabaki imesimama. Muuguzi wa kliniki alisema ni kipindupindu, akatupa chumvi ya kuchanganya na maji, akasema tutafute maji safi. Nilimwuliza tuyatafute wapi.

Kuna watoto wawili wagonjwa upande wa reli.

Watu walikutana kanisani jioni. Mheshimiwa wetu, yule mbunge, anakuja Jumamosi kuhutubia uwanjani, na tumekubaliana asiondoke bila kujibu habari ya bomba. Wote walimchagua Oyoo azungumze. Alisimama akasema, "Nitamshika mkono, nimpeleke mpaka darajani, akanyage mahali tunakanyaga." Walimpigia makofi. Nilikaa pale nyuma nikijifanya nafunga leso, lakini moyo ulikuwa umejaa. Miaka mingi sijaona watu wakimtazama Oyoo hivyo. Mimi mwenyewe sikuwa nimemtazama hivyo.

Ijumaa, 4 Aprili

Redio tangu asubuhi ni kisiwa. Ati kuna kisiwa ziwani kinaitwa Ogwari, ati Uganda wamepandisha bendera yao hapo, na waziri amesema hatutatoa hata jiwe moja, wakitaka vita watapata. Oyoo ni mtu wa Bondo, amezaliwa karibu na maji. Nilimwuliza kisiwa hicho kiko wapi.

"Sijawahi kukisikia," akasema, akiendelea kula. "Labda ni pale ndege wanaendaga kunya."

Tulicheka wote watatu. Nimempigia shati jeupe pasi.

Jumamosi, 5 Aprili



Mheshimiwa alifika na magari sita na spika kubwa. Uwanja ulikuwa matope matupu, lakini watu walijaa. Sisi wa Mashimoni tulisimama mbele pamoja, na mjane wa Khamala alikuwa katikati yetu na kitambaa cheusi kichwani. Oyoo alikuwa ameshika kipande cha lile bomba lililopasuka. Alikuwa amekiosha, lakini kilikuwa bado kinanuka.

Mheshimiwa alipopanda jukwaani alituona. Nina hakika alituona, kwa sababu Kavoi, yule msaidizi wake, alimnong'oneza huku akituonyesha kwa kidevu. Basi akashika kipaza sauti akasema kwa upole, kama baba:

"Watu wangu, najua mna mambo mengi. Maji, choo, barabara. Nataka niwaulize swali moja. Mnataka tuanze na habari ya maji, ama tuanze na habari ya nchi?"

Kisha vijana waliokuja na magari yake wakapiga kelele, "Nchi!" Halafu walio nyuma wakaitikia. Halafu kila mtu.

"Maji ni ya leo," akasema. "Nchi ni ya milele!"

Akaanza. Ati wanatuibia samaki wetu, wanawapiga wavuvi wetu, wanawavua nguo mbele ya watoto wao. Ati njaa yetu imetoka huko, na hata magonjwa yanatoka huko. Sijui kama kuna mvuvi aliyevuliwa nguo. Ninachojua ni kwamba watu waliokuwa wamenuna tangu Alhamisi walianza kung'aa. Mtu ambaye mwenye nyumba humtukana kila mwezi na hajibu, leo alikuwa anapiga kifua chake ngumi.

Kisha akauliza, "Hapa kuna mwana wa ziwa? Mtu aliyezaliwa akisikia mawimbi?" Kavoi akamwonyesha Oyoo. Wakampandisha jukwaani na kipande chake cha bomba. Niliomba Mungu. Nilisema sasa, Baba Marion, sema sasa.

Mheshimiwa alimkumbatia mbele ya watu wote. Kwa muda mrefu, uso wa Oyoo ukiwa begani mwake. Akachukua lile bomba mkononi mwa mume wangu taratibu, akampa Kavoi, akampa kipaza sauti. "Sema, ndugu yangu. Mwambie adui."

Oyoo alitutazama. Alimtazama mjane wa Khamala. Machozi yalikuwa yanamtoka, nami nilidhani ni ya hasira.

"Ogwari ni yetu!" akapiga kelele. "Ogwari ni yetu! Tutakufa nayo!"

Uwanja ulipasuka. Mjane wa Khamala aligeuka akaenda nyumbani peke yake. Hilo bomba sikuliona tena.

Jumapili, 6 Aprili

Pasta ameombea kisiwa. Khamala hakutajwa.

Jumatano, 9 Aprili

Oyoo amepewa fulana na kofia, na cheo: Mwenyekiti wa Kamati ya Ulinzi, Mashimoni. Hulala na kofia karibu na mto.

Marion alimwuliza mezani, "Baba, na bomba?"

"Kuna wakati wa kila kitu."

"Lakini wewe ndio ulisema—"

"Marion! Nchi iko vitani, wewe unaniletea mambo ya choo?"

Niliendelea kupakua chakula, na nilimwona Marion akinitazama. Siku za nyuma Oyoo alikuwa mtu wa sauti ya chini. Nilidhani ni upole. Sasa naona ilikuwa ni kukosa tu mtu wa kumpa spika.

Jumatatu, 14 Aprili

Mpaka umefungwa. Lori la omena halikuja, wala la mayai. Nimekaa Kisumu Ndogo na beseni tupu. Wanawake wenzangu wanawalaani Waganda kwa kutunyima samaki. Nikasema, waliofunga mpaka si ni sisi? Walinitazama kana kwamba nimetukana mama zao.

Watu saba wamekufa mpaka leo upande wetu huu.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua usiku kucha. Choo cha upande wa chini kimeanguka, chote kikaingia mtaroni.

Kavoi alikuja na kamati. Wanapita nyumba kwa nyumba wakiuliza kila mtu ametoka wapi. Wakafika kwa Nasike. Yeye ni Msamia. Shamba la babake liko Uganda na kisima wanachotekea kiko Kenya, na ndivyo alivyozaliwa, akivuka mpaka na ndoo kichwani. Angeweza kusema uongo. Akasema ukweli akicheka, "Mimi ni wa Busia, huku na huko."

Kavoi hakucheka. Oyoo alikuwa nyuma yake, akitazama viatu vyake.

Jumamosi, 19 Aprili

Kesho ni Pasaka.

Tangu jana maneno yalikuwa yanazunguka kwamba ugonjwa umetoka Uganda, umeletwa makusudi, na kwamba waliokufa wote walikula chapati za Nasike. Kweli walikula. Nani hapa hajazila? Mimi nazila kila siku na sijaharisha, kwa sababu Nasike huchemsha maji. Hilo nililijua mimi. Oyoo pia alilijua. Alimwona kwa macho yake, asubuhi kwa asubuhi, sufuria jikoni.

Saa nne walikuja. Si wageni. Alikuwepo kijana wa kuchaji simu, na mama wa mboga, na shemasi wa kanisa letu. Oyoo alikuwa mbele na kofia yake. Nilikuwa ndani nachagua mchele. Nilisikia Kavoi akisema, "Tumekuja kwa amani, mama. Fungasha tu." Nikasikia Nasike akisema, "Baba Marion, ni wewe?"

Kisha mtu akapiga jiko teke. Mafuta yalikuwa yamechemka. Sitasahau alivyolia, kilio kifupi, kama aliyemezwa. Elvis akaanza kupiga mayowe. Nikasikia miguu inakimbia, halafu mlango wangu ukagongwa kwa kiganja.

"Mama Marion! Mama Marion, nifungulie. Mchukue tu mtoto. Mama Marion!"

Nilisimama. Nilienda mpaka mlangoni. Mkono wangu ulikuwa juu ya komeo. Marion alikuwa amenishika gauni kwa nyuma, ananisukuma mbele, "Mama, fungua. Mama, si ni Mama Elvis, fungua!" Nilifikiria Oyoo yuko pale nje. Nilifikiria nikifungua watasema sisi pia. Nikamziba Marion mdomo kwa mkono huu huu ninaoandikia.

Aligonga, akaacha.

Walimsindikiza mpaka barabarani wakiimba wimbo wa taifa. Unga wake walioumwaga ulikuwa matopeni nilipotoka, na mbwa wanaulamba.

Oyoo alirudi saa nane akaomba chakula.

Jumapili, 20 Aprili

Kristo amefufuka, walisema. Marion hakuenda kanisani. Haongei na mimi.

Jumanne, 22 Aprili

Mwenye nyumba ameshapangisha chumba cha Nasike. Aliyeingia ni kijana wa kamati.

Alhamisi, 24 Aprili

Wawili zaidi wamekufa, na Nasike hayupo wa kulaumiwa. Watu wameanza tena kunong'ona habari ya bomba. Mjane wa Khamala alisimama dukani akasema wazi, "Mganda ameenda, mbona bado tunazika?" Hakuna aliyemnyamazisha.

Ijumaa, 25 Aprili

Kavoi alikuja nyumbani. Akakaa kwenye kiti changu, akakataa chai yangu, nikajua anaogopa maji.

"Mwenyekiti," akamwambia Oyoo, "kesho watu wa televisheni wanakuja. Adui anaeneza propaganda kwamba maji yetu ni machafu. Mheshimiwa anataka mtu wa hapa, mtu wa kuaminika, fundi, ayanywe mbele ya kamera."

Alipotoka nilimshika Oyoo mkono. "Wewe unajua hilo bomba. Uliliona."

"Nitakunywa glasi moja tu."

"Baba Marion."

"Nikikataa nitaonekana nini?"

Nilimwangalia. Hakuwa anajivuna. Alikuwa anaogopa, kama mtu aliyepanda mti akasahau kushuka. Kwa mara ya kwanza tangu Pasaka nilimwonea huruma, na nilikasirika kwamba namwonea huruma.

"Sema unaumwa koo," nikamwambia. "Twende Bondo kesho asubuhi."

"Baada ya hii, Mheshimiwa atanipa kazi. Amesema kazi ya kudumu."

Jumamosi, 26 Aprili

Walimpanga karibu na mfereji tunakotekea maji, bendera nyuma yake. Mheshimiwa alishika chupa yake mwenyewe ya dukani. Oyoo akajaza glasi kutoka kwa mfereji, akaiinua juu ili kamera ione ilivyo nyeupe. "Haya ni maji ya Kenya," akasema. "Ugonjwa ni wa kuletwa." Akanywa.

Kamera ilikuwa imekosea kitu. Wakamwambia arudie. Akanywa ya pili.

Jumatatu, 28 Aprili

Oyoo alianza kuhara alfajiri. Kufikia saa tatu hakuweza kusimama. Maji yalimtoka kama mfereji, meupe kama ya kuosha mchele, nikaweka beseni langu la omena chini yake kwa sababu hakuna kingine kilichotosha. Miguu ilimkaza akawa analia kama mtoto. Nilimpa maji ya chumvi kwa kijiko, akayatapika.

Nilimpigia Kavoi anitumie gari moja kati ya yale sita. Alisema, "Mama, leo magari yote yako kwa msafara wa waziri. Mpeleke kwa bodaboda."

Marion na mimi tulimbeba na mkokoteni wa kubebea mitungi. Pale reli tulikuta barabara imefungwa. Ni ule msafara. Watu walikuwa wanaimba Ogwari ni yetu, wamevaa fulana kama ile aliyokuwa ameivaa Oyoo. Niliwapigia kelele watupishe. Kijana mmoja aliona ile fulana, akafurahi, akampigia saluti.

Oyoo alifungua macho. "Wananiita?" akaniuliza.

"Wanakuita," nikasema.

Kliniki walipojaribu kumtafuta mshipa wa kumwekea dripu, hawakuupata.

Jumanne, 29 Aprili

Alikufa jana saa kumi. Sikuweza kuliandika hilo jana.

Jumamosi, 3 Mei

Watu wa afya walimfunga kwenye karatasi ya plastiki, wakasema jeneza lisifunguliwe na azikwe haraka. Mheshimiwa aliomba apitishwe uwanjani kwanza. Hakuomba. Aliniambia itakuwa hivyo, na basi la kutupeleka Bondo lilikuwa lake, jeneza lilikuwa lake, hata gauni jeusi nililovaa lilikuwa lake.

Walifunika jeneza na bendera. Mheshimiwa akalia machozi ya kweli, sijui huyatoa wapi. Akasema Oyoo hakuugua, amewekewa sumu na maadui waliomwona kwenye televisheni. "Damu yake iko Ogwari!" akasema, na wale wale wakaitikia, kijana wa kuchaji simu, mama wa mboga, shemasi.

Kisha wakanipa kipaza sauti nishukuru.

Niliwaza maneno mengi. Yaliyotoka yalikuwa machache. "Mume wangu alikunywa maji ya ule mfereji pale. Alijua bomba limepasuka darajani. Alikuwa fundi. Aliniambia kwa mdomo wake. Twendeni tukaangalie sasa hivi, si mbali."

Bendera ilikuwa ikipigwa na upepo. Mjane wa Khamala alipiga hatua moja mbele. Yeye tu. Nilisubiri. Niliwatazama mmoja mmoja, na kila niliyemtazama aliinamisha kichwa.

Kavoi akachukua kipaza sauti mkononi mwangu, kwa upole. "Mama amelemewa na uchungu. Kwaya, tafadhali."

Kwaya ikaimba. Mama wa mboga alinishika begani akaninong'oneza, "Mama Marion, ungemwacha tu aende na heshima yake."

Jumamosi, 10 Mei

Tumerudi kutoka Bondo. Niliwauliza wazee kuhusu Ogwari. Mmoja alisema ni jiwe, msimu huu maji yakijaa halionekani.

Marion ameanza kuongea na mimi. Alisema, "Mama, chumvi imeisha." Nililia juu ya chumvi.

Jumamosi, 24 Mei

Mvua inapungua. Wamejenga kibanda cha maji pale mferejini, kimepakwa rangi za bendera na kuandikwa SHUJAA OYOO kwa herufi kubwa. Nilifuata bomba lake kwa miguu yangu. Linaenda darajani. Ni lile lile.

Watu wanapanga foleni hapo. Wanasema, "Naenda kwa Oyoo kuteka maji."

Jumapili, 1 Juni

Siku ya Madaraka. Redioni Mheshimiwa anazungumzia Tanzania. Vitunguu, ati wanatuua na vitunguu vyao. Nilisikiliza mpaka mwisho. Ogwari hakuitaja hata mara moja. Mpaka wa Uganda ulifunguliwa wiki iliyopita, omena imerudi, na hakuna aliyesema ni nani alishinda.

Jumamosi, 7 Juni

Mama mmoja wa Kisumu Ndogo aliniambia amemwona Nasike Kawangware, nyuma ya soko, anapika chapati. Nilienda asubuhi. Nilibeba omena nzuri kwenye karatasi.

Nilimwona kabla hajaniona. Mkono wa kushoto, kutoka kiwiko mpaka vidole, ngozi imekunjamana, nyekundu. Anasukuma chapati kwa mkono mmoja. Elvis alikuwa amelala nyuma yake kwenye katoni.

Alipoinua macho hakushtuka. Alinisukumia stuli kwa mguu.

"Nimesikia habari ya Baba Marion," alisema. "Pole."

"Asante."

Akanimiminia chai. "Kunywa. Maji nimechemsha."

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, na maneno yote yakapotea. "Nasike, siku ile nilikuwa ndani."

"Najua."

"Sikujua kama ulijua."

"Mlango wako haufiki chini, Mama Marion. Niliona miguu yako. Ulikuwa na zile sandali za bluu." Aligeuza chapati. "Nilifikiri unatafuta ufunguo. Nikangoja."

Nilipiga magoti pale kwenye vumbi. Akasema haraka, kwa sauti ya chini, "Simama. Simama, watu wanaona. Hapa najulikana kama mtu wa Mumias, si wa mpakani. Usiniletee maneno."

Nilisimama. Niliweka omena kwenye meza yake. Aliitazama, akairudisha mkononi mwangu, akafunga vidole vyangu juu yake.

"Kunywa hiyo chai uende," akasema. "Na usirudi. Hata Marion usimtume, ingawa nampenda. Mtoto atakuja na jina langu mdomoni."

Mteja akafika, mwanamke mnene mwenye kikapu, akaagiza chapati nne. Alinitazama nilivyokuwa na machozi, akamwuliza Nasike, "Na huyu dada? Mnajuana?"

"Hapana," Nasike akasema, akihesabu chapati. "Amepotea njia. Anauliza stage ya matatu za Kibera."

Yule mwanamke akanionyesha kwa mkono, ukifika kwa kanisa la mabati upinde kushoto. Nilimshukuru. Nikapinda kushoto.